Historia ya Elvestrand Ilivyofika Newala

Mabenchi ya kwaya yaliletwa mapema, na Dorika akayapanga mwenyewe mbele ya nyumba yake, akimfokea kila aliyetaka kumsaidia. Majirani waliitwa, nao wakaja wote, maana mtaani hapakuwa na kazi iliyozidi kusikia Wazungu wakimsifu mtu wa Newala. Dadi, mwenyekiti wa kamati ya maji, alipewa kiti cha plastiki peke yake. Simu ya Godfrey iliegemezwa kwenye kopo la maziwa juu ya meza, ikaunganishwa na spika ya kwaya ili hata waliosimama nyuma wasikie.

Kilichokuwa kinangojwa ni hiki. Marehemu mume wa Dorika, Selestini, fundi wa pampu za maji, alipokuwa kijana alipelekwa Norwei kusomea kazi yake, na jioni akitoka darasani alichezea timu ya kitongoji kimoja nje kidogo ya Oslo, kiitwacho Elvestrand. Timu ile siku hizi ni klabu kubwa, wachezaji wake wanalipwa mishahara, na kwa kuwa inatimiza miaka mia imeamua kuandika historia yake. Mwandishi ni mwalimu mstaafu aitwaye Oddvar. Mwaka jana alisafiri mpaka Newala kumhoji Selestini, akafika akakuta jeneza. Akakaa msibani na watu, akala wali wa msiba, akarudi kwao. Sasa sura yenye jina la Selestini ilikuwa tayari, na kabla kitabu hakijakwenda kuchapwa alitaka familia iisikie.

Mkalimani alikuwa Godfrey, mtoto wa dada yake Dorika. Kazi yake kule Masasi ni kuwatafsiria watafiti wanaokuja kuwauliza wakulima wa korosho maswali. Ni mtafsiri mzuri mno, na hapo ndipo ubaya ulipo: neno likiingia sikioni linatokea mdomoni, na katikati halipumziki hata kidogo.

"Klabu ilianzishwa na wafyatua matofali," Godfrey alianza, akifuata Kiingereza cha Oddvar. "Walikuwa wakicheza kwenye shimo walilochimbia udongo. Kila mwaka barafu ikiyeyuka uwanja unajaa maji, wanakaa wanasubiri yakauke."

"Na wao wana shida ya maji?" Dadi aliuliza.

"Ya kwao yamezidi, mwenyekiti."

Watu wakacheka kwa uchungu kidogo, kwa kuwa ndoo zao zilikuwa kwenye foleni ya kioski cha maji tangu alfajiri.

"Baada ya vita vya pili vya dunia wakaungana na klabu nyingine, ya watu wanaoteleza juu ya barafu kwa mbao."

"Wanateleza kwenda wapi?" mama mmoja akataka kujua.

Godfrey aliuliza. Oddvar alifikiri kwa muda. "Anasema wanakwenda, halafu wanarudi."

Hakuna aliyeelewa, lakini ilikuwa raha. Wakasikia jinsi uwanja ulivyohamishwa kupisha reli, jinsi mabibi wa kitongoji walivyouza keki kununua nyavu za magoli, jinsi klabu ilivyoshuka daraja mpaka ikabaki inacheza na timu za vijijini. Kisha mwaka themanini na nane ukafika. Godfrey akanyanyua sauti.

"Ndipo akatokea winga wa kulia kutoka Tanzania, Selestini, mwepesi kama... anasema mwepesi tu. Katika mchezo wa mwisho, mvua ikinyesha, alifunga goli lililoipandisha Elvestrand daraja. Bila goli lile, klabu tunayoijua leo isingekuwepo."

Vigelegele vilipigwa mpaka Oddvar akanyamaza kule alikokuwa, akitabasamu. Esther, binti wa Selestini, alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Dorika hakulia. Alikaa wima akiwatazama majirani mmoja mmoja, ahakikishe kila mmoja amesikia.

"Msimu huohuo," Godfrey aliendelea, "sanduku la fedha za bahati nasibu, zilizochangwa kujengea vyumba vya wachezaji, lilipotea. Lawama ilimwangukia mtunza uwanja, Arne, ambaye aliacha kazi na hakukanyaga tena uwanjani mpaka kufa kwake. Leo ukweli unajulikana. Kwenye mazishi ya Selestini, watu wake wenyewe walitangaza hadharani kwamba aliyeiba sanduku lile ni yeye, na kwamba fedha hizo ndizo..."

Hapo ndipo alipojisikia anasema nini. Alikuwa amechelewa. Spika ya kwaya ni nzuri, na hata watu wa foleni ng'ambo ya barabara walikuwa wamegeuza shingo.

"Nani ametangaza?" Dorika aliuliza. Aliuliza polepole kabisa, kama mtu anayetaka kurudishiwa chenji.

Kila mtu alimjua aliyetangaza: ni Gasper, mtani wa nyumba ile.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, ila Oddvar alihitaji na hakuna aliyemweleza, basi tuliseme hapa. Gasper ni Mngoni, anaishi Masasi. Babu zake waliwahi kuja huku na mikuki kuwasumbua babu zetu, na vita vilipokwisha kilichobaki ni utani. Kazi ya mtani msibani ni kumtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke, na kulala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Asipokuja, familia hununa. Siku ya kumzika Selestini, Gasper alijifunga khanga ya Dorika, akajilaza kizingitini, akaanza kupiga kelele: "Mnamlilia nini huyu? Jambazi huyu! Alikwenda Ulaya akawaibia Wazungu sanduku la fedha, ndiyo akaezeka mabati mekundu! Mzungu yule pale, amelifuata sanduku lake!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Dorika mwenyewe alicheka, na ndiyo mara ya kwanza alipumua siku ile. Godfrey, aliyekuwa amekaa na mgeni, akamnong'oneza yote, neno kwa neno, bila kuongeza hata moja la kwake.

Sasa alikuwa anahangaika na simu. "Ni mzaha, Bwana Oddvar. Yule mzee ni mtani. Ni mila."

Oddvar alisikiliza kwa heshima. Alivua miwani. Alichojibu Oddvar, Godfrey hakutaka kukitoa, lakini Dorika alimkazia macho akakitoa.

"Anasema anaelewa ni jambo gumu kwa familia. Anasema kwao hakuna mtu anayefanya mzaha mbele ya jeneza, na suala la sanduku lile halikuwahi kuandikwa gazetini, yule mzee angelijuaje. Anasema tusihofu, hawana kinyongo. Selestini atabaki kwenye historia, goli lake na kosa lake. Anasema..." Godfrey akaitazama spika. "Anasema klabu imemsamehe."

"Imemsamehe!" alisema Dorika.

Alinyanyuka, akachomoa waya wa spika. Kisha akamwambia Godfrey amwulize huyo bwana anataka nini ili afute. Jibu lilikuja dogo, watu wakisogeza vichwa walisikie: kitabu kinaondoka wiki ijayo. Kama yule mzee alisema uongo, aje aseme mwenyewe Jumamosi, kwa simu hiihii.

Mabenchi yalirudishwa na watu wachache sana.

* * *

Dorika ndiye mshika ufunguo wa kioski cha maji. Alirithi kazi hiyo kwa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwamini kwa bomba na vipuri. Siku mbili tatu baada ya simu ile Dadi alikuja, akavua kofia, akasalimia, akauliza hali ya mihogo, akauliza hali ya korosho, akasifu hata banda la kuku, ambalo halikuwa na la kusifiwa.

"Mwenyekiti, sema," Dorika alimwambia.

"Ni ufunguo, Mama Esther. Kamati imeona upumzike kidogo. Una mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Haya ya... ya kitabu."

"Kwani mimi nimeiba maji?"

"Hasha! Nani kasema? Hakuna aliyesema hivyo." Dadi alikuwa anaitazama kofia yake. "Ila watu, unawajua. Jana jirani yako Faidha aliulizia mahesabu. Hajawahi kuulizia mahesabu tangu tumjue. Nikaona bora mimi nije kwa wema kuliko waje wao."

Dorika aliingia ndani akautoa ufunguo na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, naye Dadi akaupokea kwa mikono miwili, na kwa kweli hakuna kati yao aliyejua pa kutazama. Dadi hakuwa mtu mbaya. Alicheka msibani kama wengine, alikuwa anaujua utani, alikuwa anamjua Gasper. Lakini neno lilikuwa limekwenda Ulaya likarudi limeandikwa, na lililoandikwa na Wazungu lilimchanganya. Alipofika barabarani alisimama, kama anayetaka kurudi, halafu akaendelea.

Esther alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba, na alikuwa amesikia yote.

"Mama, baba aliwahi kukwambia habari za hiyo timu?"

"Alisema kuna baridi."

"Na nini kingine?"

"Esther, baba yako alikuwa haongei. Pampu ikiharibika aliongea na pampu."

Esther alimenya muhogo mwingine. "Klabu ilimwalika ilipotimiza miaka sabini na mitano. Nakumbuka. Tiketi walilipa wao. Alikataa kwenda."

"Alisema mguu unamuuma."

"Mguu ulikuwa unamuuma?"

Dorika alifungua mdomo ajibu, akakuta hajui. Mguu upi? Alijaribu kumwona Selestini wa mwaka ule akitembea, akaona anatembea tu, kama siku zote. Akatazama juu. Mabati mekundu yalikuwa pale, yamepauka sasa. Selestini alirudi kutoka Norwei kabla hawajaoana. Siku alipomchumbia alikuwa na kiwanja na mabati yamepangwa chini ya mkorosho, na watu wakasema binti amepata mume. Alimwambia ni posho ya masomo aliyoibana. Naye alikuwa msichana, amefurahi. Nani anamhoji mchumba habari za bati?

"Posho," alisema kwa sauti.

"Nini, mama?"

"Menya mihogo."

Lakini kile kitu kilikuwa kimeshaingia. Alikasirika, kwanza na Oddvar, kisha na Gasper, kisha na Godfrey, na alipowamaliza wote akajikuta amemkasirikia marehemu, mtu mpole aliyelala makaburini bila uwezo wa kujibu. Hilo lilimwogopesha kuliko yote. Asubuhi yake alimpigia Godfrey na kumwambia amngoje kituo cha basi Masasi.

* * *

Gasper alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mlima wa mawe, nyumbani kwake nje ya mji, anachambua korosho kabla ya kuzipeleka ghalani. Mbaya huku, nzuri huku. Alipowaona alipiga makofi.

"Mke wangu! Umechoka ujane, umekuja kwa Mngoni?"

"Shikamoo mzee," Godfrey alisema.

"Marahaba, mtumwa wangu. Kaa chini, chambua korosho, ndiyo kazi tuliyowatekea."

Kwa kawaida Dorika angemjibu jambo la kumchoma. Safari hii alikaa, akasimulia kuanzia mabenchi mpaka ufunguo, bila kuacha kitu. Gasper alicheka mahali pa wafyatua matofali, akacheka mahali pa mbao za kuteleza. Dorika alipofika kwenye sanduku, mzee aliacha kucheka, lakini mikono iliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo Wazungu wameniandika kitabuni," alisema mwishoni. "Mimi, Gasper."

"Nataka uyafute."

"Utani haufutwi, mke wangu."

"Utaongea kwenye simu useme ulidanganya."

"Sikudanganya. Nilitania. Kudanganya ni dhambi." Alitupa korosho mbovu. "Nikisema samahani, maana yake nilikusudia. Na kama nilikusudia siku ile, basi na kwa baba yake Selestini nilikusudia, niliposema kameza kengele ya kanisa. Na kwa mama yako, niliposema ni fisi. Nitawaomba radhi makaburi mangapi? Mtani akiomba radhi amekwisha. Nani atamwita tena?"

"Mzee," Godfrey aliingilia, "wale hawajui utani."

"Wewe ulikuwa unaujua!" Gasper alimgeukia, na hakukuwa na mzaha. "Ulikaa naye. Hukuweza kumwambia, 'Usiandike hili, hili ni la kwetu'? Ulimpa nyama bila kumwambia ni ya nini."

Godfrey aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiambia maneno hayohayo njia nzima, na bado hakuelewa kosa lake lilikuwa wapi hasa. Alilipwa kwa kutafsiri. Alitafsiri.

Dorika alisogea karibu na mkeka. Lililomleta alikuwa hajalisema bado, na sasa sauti yake ilishuka.

"Mtani, niambie. Kwa nini ulisema sanduku?"

"Na mwizi anaiba nini, bakuli?"

"Ungesema kaiba ng'ombe. Ungesema mke wa mtu. Ulisema sanduku la fedha, na kweli huko kulikuwa na sanduku la fedha."

"Mzungu alikuwa amekaa pale, kaja kutoka mbali, hajaleta hata sukari. Nikasema kafuata chake. Basi."

"Selestini hakuwahi kukwambia kitu?"

Gasper alichukua korosho, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu kuliko korosho inavyostahili.

"Aliniambia mengi," alisema. "Aliniambia ulimroga, ndiyo maana akakuoa."

Dorika alimtazama usoni na hakuona kitu. Alimjua mzee huyu tangu ajue akili, alikuwa amecheka utani wake misibani na harusini, na sasa alitambua kwamba hajawahi kumsikia akisema neno moja la kweli, wala la uongo, kwa kuwa hayo mawili kwake hayakuwa na mpaka. Alitamani kumpiga. Badala yake alianza kulia pale mkekani, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, na Gasper akaziacha korosho zake.

"Nitakuja," alisema. "Wewe nyamaza. Nitakuja hiyo Jumamosi."

* * *

Hawakuleta mabenchi safari hii, lakini watu walikuja wakasimama. Dorika alitaka waje. Aibu waliisikia wote, basi na hili walisikie wote. Dadi alisimama karibu na ukuta.

Gasper alifika amevaa koti. Alikaa mbele ya simu, na Oddvar alipotokea kwenye kioo, mazoea yakamshinda.

"Ahaa, huyu ndiye mwenye sanduku! Ulilipata?"

Kicheko kidogo kikatoka kwa watu, kikafa. Oddvar alimwuliza Godfrey mzee anasema nini. Safari hii Godfrey alikaa kimya kidogo kabla ya kufungua mdomo. "Anakusalimu," alisema.

Dorika alimgusa Gasper begani. Mzee aligeuka akamwona, akavua kofia, akaiweka magotini. Alianza tena, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, ya mtu mzee.

"Mama Esther," alisema, na watu walistuka, maana hakuna aliyewahi kumsikia akimwita jina hilo. "Naomba radhi. Na kwa huyo bwana. Mimi ni mtani wa nyumba hii. Nilimtukana marehemu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Selestini hakuniambia lolote juu ya sanduku. Sikujua kama lilikuwepo. Nilitazama bati, nikamtazama Mzungu, maneno yakaja. Hivyo tu."

Godfrey alitafsiri, na kabla ya hapo alieleza utani ni nini, kwa kirefu, akihangaika, akirudia. Oddvar aliandika. Kisha akauliza swali, na ni swali la mtu mwenye akili, tusimwonee: "Nitajuaje kwamba sasa hatanii?"

"Kwa sababu hakuna anayecheka," Gasper alijibu.

Oddvar alitazama kwenye kioo chake nyuso zote zile zilizosimama nyuma ya mzee. Mwisho alisema kwamba ataiondoa ile sentensi, na kwamba anaona haya. Mtu mmoja alianza kupiga kigelegele, ila Gasper alikuwa amenyanyuka anaondoka na kofia yake mkononi, na kigelegele kikakwama.

"Nikifa, Mama Esther," alisema akipita, "tafuta mtani mwingine aje. Mimi kwenye nyumba hii nimeshakuwa mtu wa kawaida."

Dorika alitaka kumfuata, lakini kwenye simu palikuwa na mtu mwingine. Bibi mwenye mvi fupi alikuwa amesogea karibu na Oddvar. Alikuwa pale muda wote, pembeni, nje ya kioo.

"Huyu anaitwa Solveig," Godfrey alitafsiri. "Ni binti wa yule mtunza uwanja, Arne. Mwaka huu walimwambia baba yake amesafishwa. Aliweka maua kaburini. Anasema anafurahi kwa ajili yako, lakini anauliza: sasa mwizi ni nani? Ni baba yake tena?"

Katika hasira zote za wiki ile hakuna aliyekuwa amemfikiria huyu Arne. Dorika alimtazama yule mwanamke, wa rika lake, amevaa sweta la kijani, akaona kwamba jina safi alilokuja kumdaia mumewe lilikuwa linatoka mikononi mwa mtu mwingine.

"Hapana," alisema. "Mwambie sikuja kumtupia baba yake. Mwambie huyo mwandishi aandike fedha zilipotea."

Oddvar alisema wasomaji watauliza nani alizichukua.

"Na waulize. Aandike hawajui. Si kweli kwamba hawajui?"

Wale wawili waliongea kwa lugha yao. Oddvar alikuna kichwa, akafuta kitu, akaandika, akamsomea Solveig, kisha akamsomea Godfrey: fedha zilipotea, watu wawili walisingiziwa kwa nyakati tofauti, na klabu haijui. Ndivyo itakavyochapwa. Jina la Selestini litawekwa ukutani uwanjani pamoja na goli lake, na jina la Arne litawekwa kwenye lango. Dadi aliachia pumzi, akaanza kupapasa mfuko wa suruali kutafuta ufunguo.

Solveig hakuondoka kwenye kioo. Alisema jambo fupi, akimtazama Dorika.

"Anakushukuru," Godfrey alisema haraka.

"Huyu hajashukuru. Huyu ameuliza. Ameuliza nini?"

"Mama mdogo, tumemaliza. Tuage."

"Godfrey."

Godfrey aliwatazama watu, akamtazama Dadi, akasema kwa sauti ndogo: "Anasema yule mzee kaeleza kwamba hajui lolote. Anakuuliza wewe, uliyeishi naye. Una hakika hakuchukua?"

Neno moja lilitosha: ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na uwanja mzima ulikuwa unalingoja, Esther mbele yao akimwashiria mama yake kwa kichwa alitoe. Dorika alilitafuta. Alipita kwenye mguu ambao labda uliuma na labda haukuuma, akapita kwenye posho, akapita kwenye bati lililopangwa chini ya mkorosho na msichana aliyekuwa akilitazama kwa furaha. Yule mwanamke wa sweta la kijani alikuwa anangoja, naye hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Mwambie nilikuwa na hakika," alisema, "mpaka walipopiga simu."

"Mama!" Esther alisema.

"Tafsiri."

Godfrey alitafsiri. Watu walianza kutazamana, na mkono wa Dadi ukabaki mfukoni. Solveig alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea, si na Godfrey bali na Dorika moja kwa moja, kwa Kinorwei, na Oddvar ndiye aliyekigeuza Kiingereza na Godfrey Kiswahili.

"Anasema fedha zilipopotea alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake aliishi miaka ishirini baada ya hapo, wakila meza moja. Anasema hakuwahi kumwuliza."

"Na mimi sikumwuliza wangu," Dorika alisema, akiitazama simu, kwa Kiswahili, bila kumsubiri Godfrey.